Mashine Ikiulizwa Jina Lake

Mwaka jana, mvua za vuli zilipokuwa zimeanza, mama mmoja mfanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni, Kirumba, alishuka kwenye daladala mbele ya kibanda changu cha ufundi hapa Pasiansi, Mwanza, akiwa na laptopu ndani ya mfuko wa rambo. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akailaza ile laptopu juu ya meza yangu taratibu kama mtu anayelaza mgonjwa.

"Mwanangu, imekunywa maji. Mimi nataka hesabu zangu tu. Mashine yenyewe hata ikifa, sawa."

Hesabu zilikuwa salama kwenye diski. Kilichokosekana ni mashine ya kuzifungulia, na fedha ya kununua nyingine isingepatikana mpaka mzigo uliokwenda Kongo ulipwe. Alichokuwa nacho ni simu nzuri aliyonunuliwa na mwanawe. Nikamwambia tujaribu: nitaweka kwenye simu emuleta, yaani programu inayoigiza mashine nyingine, ili programu yake ya stoo idhani bado ipo ndani ya laptopu. Jioni ileile ikafunguka kwenye simu, ikaonyesha dirisha lake la kijani, ikazimika. Nikaifungua tena. Ikazimika palepale.

Nimeshaona hali hiyo mara nyingi kiasi cha kujua pa kuanzia. Programu ilikuwa imeuliza swali fupi: wewe ni prosesa gani, na unaweza nini? Ilipewa jibu, ikaliamini, ikaenda nalo hatua chache, ikaanguka. Nilimwambia mama aniachie simu hadi kesho yake. Usiku ule, nikiwa peke yangu kibandani, niliwaza swali hilo lilikotoka, maana lina historia ndefu kuliko umri wangu, na hapa kwetu historia hiyo inaanza na mashine iliyokuja Dar es Salaam ikiwa na jina la kubandikwa.

Mwaka 1965 Wizara ya Fedha ilipata kompyuta ya kwanza nchini. Iliitwa ICT 1500, na ICT ilikuwa kampuni ya Uingereza, International Computers and Tabulators. Lakini ICT hawakuisanifu wao. Ilikuwa RCA 301, kazi ya kampuni ya Marekani iliyojulikana zaidi kwa redio, televisheni na santuri. Waingereza waliichukua, wakaipa jina lao, wakaiuza. Programu zilizoandikwa kwa ajili ya RCA 301 hazikujali kibao cha nje. Siku hizo programu haikuwa na desturi ya kuuliza ipo wapi. Iliandikwa kwa ajili ya mashine moja, kwa amri za mashine hiyo, na ikipelekwa kwenye mashine isiyozijua amri hizo kazi inakwama. Aliyejua jina la mashine ni mtu aliyesimama mbele yake.

Miaka hiyohiyo, upande wa pili wa bahari, mambo yalikuwa yakibadilika. Tarehe 7 Aprili 1964 IBM ilitangaza familia mpya ya kompyuta, System/360, iliyokusudiwa kuchukua nafasi ya mashine zake zote za zamani. Tatizo lilikuwa wateja. Zaidi ya mashine 10,000 za aina ya IBM 1401 zilikuwa zimetengenezwa, na kila ofisi yenye 1401 ilikuwa na mishahara, ankara na orodha za bidhaa zilizoandikwa kwa lugha ya mashine hiyo tu. Mshindani wao Honeywell aliona mwanya. Desemba 1963 alitangaza mashine yake, Honeywell 200, iliyokuja na programu ya kuhamisha kazi za 1401, na IBM wakaanza kuona wateja wakigeuza shingo. Jibu la IBM lilikuwa kuzifundisha baadhi ya mashine mpya za 360 lugha ya zamani. Waliweka mafunzo hayo ndani kabisa, kwenye programu ndogondogo zinazoiongoza prosesa yenyewe, wakasaidiwa na programu za kawaida kwa nje. Modeli ya 30 ikajifanya 1401, modeli ya 65 ikajifanya 7090. Wahandisi hao wa IBM ndio walioanza kuuita mchanganyiko huo emuleta.

Emuleta hizo za mwanzo hazikuhitaji kujibu maswali. Zilitakiwa kufanya kazi tu, kwa kuwa programu za 1401 zilikuwa viziwi kwa habari za mashine. Swali lilizaliwa rasmi Juni 1970, IBM ilipotangaza System/370. Humo kulikuwa na amri iitwayo STIDP. Mfumo endeshi ukiitoa, prosesa inaandika kwenye kumbukumbu baiti 8 zenye toleo lake, namba yake ya usajili na modeli yake. Kwa mara ya kwanza mfumo wa IBM uliweza kujua, bila kuambiwa na binadamu, umekaa juu ya mashine gani.

Miaka miwili baadaye, Agosti 1972, ikaja VM/370, mfumo uliogawa kompyuta moja kubwa kuwa mashine pepe nyingi, kila mtumiaji akijiona ana yake peke yake. Sasa mfumo ulio ndani ya mashine pepe ukitoa STIDP, ujibiwe nini? Waundaji wa VM waliamua jambo ambalo bado linanifurahisha ninaposoma nyaraka zao. Baiti ya kwanza, ile ya toleo, inajazwa FF, biti zote nane zikiwa moja. Yaani mashine pepe inakubali kwamba ni pepe. Haimzuii mgeni kufanya kazi yake, na haimfichi kwamba ni mgeni. Mfumo unaojali unaweza kusoma ile FF na kubadilisha mwendo, usiojali utapita tu.

Mwaka 1974 Gerald Popek na Robert Goldberg waliandika makala iliyoweka sharti la mashine pepe kwa lugha ya hesabu: programu ikiendeshwa ndani yake itoe matokeo yaleyale ambayo ingetoa kwenye mashine halisi, isipokuwa mambo mawili, muda unaotumika na wingi wa rasilimali zilizopo. Mwaka huohuo wa 1974 serikali yetu ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Kwa hiyo swali hili lilipokuwa linapewa sheria zake, sisi tulikuwa nje ya mlango, na tulipoingia ndani tulikuta watu wameshakaa. Nalisema bila kumlaumu mtu. Lakini linaeleza kwa nini fundi wa Mwanza leo anasoma historia hii kama habari za ukoo wa jirani, wakati ndiyo inayoamua kama simu ya muuza dagaa itafungua stoo yake.

Kisha zikaja kompyuta ndogo, na zenyewe zilirudi nyuma kwenye ukimya. Prosesa ya 8086 ya Intel, ya mwaka 1978, haikuwa na amri yoyote ya kujitaja. Wala 80286. Na 386 ya mwaka 1985 ilijitaja mara moja tu: ikiwashwa inaacha alama yake kwenye rejista moja, yaani kisanduku kidogo cha namba ndani ya prosesa, na programu ya kwanza kuigusa rejista hiyo inaifuta. Watu waliotaka kujua walilazimika kusoma nyayo.

Jirani yangu hapa ni chuo cha mafunzo ya uhifadhi wa wanyamapori cha Pasiansi, kilichopo tangu 1966. Msoma nyayo hamuulizi mnyama jina. Anaangalia alichokanyaga, alichokula na alikopita. Waandishi wa programu wa miaka ya 80 walifanya vivyo hivyo. Waliiambia prosesa isukume kwenye rundo, yaani sehemu ya kumbukumbu ya kuweka vitu kwa muda, thamani ya kielekezi cha rundo lenyewe, kisha wakaitazama thamani iliyowekwa: 8086 iliweka thamani iliyokwisha kupunguzwa, 286 ikaweka ile ya kabla ya kupunguzwa. Au waliamuru namba isogezwe biti 33. 8086 ilisogeza zote 33 na kubaki na sifuri, ila zilizofuata ziliitazama 33, zikachukua baki yake kwa 32, zikasogeza biti moja tu. Kasoro ndogo na tabia ndogondogo zikawa kitambulisho. Kwa mtunzi wa emuleta huu ulikuwa mzigo mkubwa, kwa sababu ili aaminike ilibidi aigize hata visigino vya mnyama. Ukikosea tabia moja isiyo na faida kwa mtu yeyote, kuna programu mahali fulani itakutambua kuwa kitu kingine.

Mwaka 1993 Intel walitoa Pentium, na pamoja nayo amri iitwayo CPUID, ambayo ilitiwa pia kwenye matoleo ya mwisho ya 486. Programu inaweka sifuri kwenye rejista ya EAX, inatoa amri, na herufi 12 zinarudi zimekatwa vipande vitatu kwenye rejista za EBX, EDX na ECX: Genu, ineI, ntel. GenuineIntel, Intel halisi. Neno "halisi" linaonyesha hofu ya wakati ule, maana waigaji walikuwa wengi, na mahakama ilikuwa imeshakataa Intel wamiliki namba kama 386 kuwa alama yao ya biashara. AMD nao wakaandika AuthenticAMD. Cyrix wakaandika CyrixInstead, yaani Cyrix badala yake. Kila mmoja herufi 12, wala zaidi wala pungufu.

Jina lilikuwa mlango tu. Ukiweka namba 1 badala ya sifuri, unapewa orodha ya biti, na kila biti ni kauli ya uwezo: hii najua amri za MMX, hii najua SSE, hii SSE2. Hapa ndipo swali lilipogeuka sura, na hapa ndipo mimi naona uzito wa habari yote. Biti iliyo moja haielezi tu umbo la silikoni. Ni ahadi: ukinipa amri ya namna hii nitaitekeleza. Na kwa programu, ahadi ni deni. Ikishaambiwa SSE2 ipo, inachukua njia ya SSE2 na haigeuki nyuma. Kama amri haipo, prosesa inalalamika, mfumo endeshi unaiua programu, na mtumiaji anaona dirisha linafunguka na kuzimika.

Lakini wengi waliendelea kulitazama jina tu, na madhara yake yaliandikwa. Profesa Agner Fog wa Denmark alionyesha kwamba programu zilizotengenezwa kwa kompaila ya Intel, yaani programu inayogeuza maandishi ya mtunzi kuwa amri za prosesa, zilikuwa zikiangalia kwanza kama herufi ni GenuineIntel, na zisipokuwa hizo zinachagua njia ya polepole hata kama prosesa imetangaza uwezo uleule. Mwaka 2008 ikaja prosesa ya VIA Nano, ambayo iliruhusu herufi zake 12 zibadilishwe. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa CentaurHauls. Wapimaji wa jarida la Ars Technica walibadilisha jina hilo tu likawa GenuineIntel, hawakugusa kingine, na alama za kumbukumbu kwenye programu ya kupima kasi ya PCMark 2005 zikapanda kwa karibu asilimia 47. Chuma kilekile. Suala la kompaila likafika kwa tume ya biashara ya serikali ya Marekani, na katika makubaliano ya mwaka 2010 Intel walitakiwa wawaambie wazi watengenezaji wa programu kwamba kompaila yao huenda isizitendee sawa prosesa za wengine.

Ukisema mengi pia unaweza kuumiza. Windows NT 4.0 iliandikwa wakati orodha ya majibu ya CPUID ilikuwa fupi. Prosesa mpya zilipoanza kusema orodha yangu inapita 3, mfumo huo ulikwama hata kabla ya kuwaka. Watengenezaji wa bodi wakaongeza chaguo kwenye mipangilio ya kuwashia: punguza jibu, sema mwisho ni 3. Chaguo hilo lilibaki kwenye kompyuta nyingi kwa miaka, na hata laptopu za mitumba zilizopita mezani kwangu nimelikuta, wenye nazo hawajui ni la nini.

Na mwaka 1999 Pentium III ilijaribu kusema zaidi ya wote: CPUID yenye namba 3 ilitoa sehemu kubwa ya namba ya usajili ya prosesa yenyewe, ya biti 96, kwa programu yoyote iliyouliza. Watetezi wa faragha walikuja juu, na baada ya kizazi hicho Intel waliiacha. Sisi Watanzania tulikuja kulielewa jambo la namba ya kifaa kwa njia nyingine. Juni 2016 mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilizima simu bandia, na wiki zile kabla ya tarehe 16 kila mtu alikuwa akibonyeza *#06# na kutuma tarakimu 15 kwenda 15090. Hapa Pasiansi nilikuwa na foleni ya watu wanaotaka nisome jibu kwa niaba yao. Wengi walishangaa kwamba simu inaweza kutaja namba ya simu nyingine bila aibu, na kwamba mtandao uliiamini miaka yote hiyo.

Emuleta ya zama zetu ina mzazi mmoja mkubwa. Mwaka 2003 Mfaransa Fabrice Bellard alitoa QEMU, programu inayochukua amri za prosesa moja, inazitafsiri kwa mafungu kuwa amri za prosesa nyingine, na kuyahifadhi mafungu hayo yasitafsiriwe mara ya pili. Kila amri inapita mikononi mwake, kwa hiyo CPUID ikifika, QEMU yenyewe ndiyo inayojibu. Wenzake waliotegemea prosesa halisi iendeshe amri moja kwa moja hawakuwa na raha hiyo. CPUID si amri ya siri, programu yoyote inaruhusiwa kuitoa, na kabla Intel hawajaleta msaada wa mashine pepe ndani ya chipu Novemba 2005, jibu la chuma halisi liliweza kupenya hadi kwa programu bila msimamizi wa mashine pepe kupata nafasi ya kulizuia. Baada ya hapo kila CPUID ndani ya mashine pepe yenye msaada huo wa Intel ililazimika kusimama mlangoni kwanza.

QEMU ina namna mbili za kuigiza. Ya kwanza inaigiza kompyuta nzima, na humo kila jibu ni lake. Ya pili ni nyepesi zaidi, nayo ndiyo iliyoleta kisa ninachokipenda kuliko vyote: inaigiza prosesa tu kwa ajili ya programu moja, huku maombi mengine yote yakipelekwa kwa Linux iliyo chini. Programu ya ARM inaweza kuishi ndani ya kompyuta ya Intel kwa namna hiyo, ikifungua mafaili ya kawaida ya mwenyeji wake. Sasa kwenye Linux kuna faili liitwalo /proc/cpuinfo. Halipo kwenye diski. Kiini cha mfumo kinaliandika papo hapo kila linaposomwa, likitaja jina la prosesa, kasi yake na uwezo wake. Programu nyingi haziulizi prosesa kabisa, hasa zile za prosesa ambazo haziruhusu programu ya kawaida kuuliza. Zinasoma faili hilo.

Basi programu ya ARM ndani ya emuleta inafungua /proc/cpuinfo, ombi linapita moja kwa moja hadi kwa mwenyeji, na inarudishiwa habari za Intel. Amri zinazotekelezwa ni za ARM, ila karatasi za utambulisho ni za mwenye nyumba. Programu moja inatafuta mstari wa uwezo wa ARM na haiuoni, inahitimisha kwamba mashine haina kitu. Nyingine inakuta mpangilio isioutarajia na kuanguka. Dawa waliyoichagua watunzi wa QEMU ni kukaa mlangoni mwa faili: programu ikiomba /proc/cpuinfo, emuleta inalidaka ombi na kuandika faili lake la muda lenye habari za prosesa inayoigizwa. Walianza na prosesa chache, SPARC na zile za HP ziitwazo PA-RISC, na nyingine zikaongezwa kidogokidogo. RISC-V na s390x zilipata zao mnamo 2023. Miaka 20 baada ya QEMU kuzaliwa, bado palikuwa na prosesa ambazo mgeni akisoma karatasi alisoma za mwenyeji.

Unaweza kuuliza kwa nini kazi ndogo kama hiyo ichukue muda hivyo. Kwa sababu kuandika faili ni rahisi, kuamua kilichomo ni vigumu. Kasi ya prosesa ambayo haipo ni ngapi? Idadi ya viini vya prosesa ni ile ya mwenyeji au ile ya mashine inayoigizwa? Popek na Goldberg walishasema muda na rasilimali havimo kwenye sharti, ila programu zinataka tarakimu. Apple walipoleta Rosetta 2 mwaka 2020 ili programu za Intel ziishi kwenye chipu zao mpya, walijibu VirtualApple, pamoja na kasi ya 2.50GHz, tarakimu isiyo kasi ya chipu yoyote kati ya zile. Transmeta mwaka 2000 walikuwa wamewatangulia: chipu yao ya Crusoe ilitafsiri amri za Intel kwa programu iliyofichwa ndani, ikajitambulisha GenuineTMx86. Na Box64, inayotumiwa sana kuendesha programu za kompyuta kwenye vifaa vya ARM, hutanguliza maneno "Box64 on" mbele ya jina la chipu iliyopo. Naona hilo ni jibu la kiungwana kuliko mengi: mimi ni nani, na niko juu ya mabega ya nani.

Waundaji wa mashine pepe nao walikubaliana juu ya jambo linalofanana na ile FF ya 1972. Biti ya 31 kwenye rejista moja ya majibu ya CPUID ilitengwa, prosesa halisi iiache sifuri na mashine pepe iijaze. Ukiikuta moja, unaweza kuuliza kwa namba ya juu sana, 40000000 kwa hesabu ya kumi na sita, ukapata herufi nyingine 12: VMwareVMware, XenVMMXenVMM, Microsoft Hv. QEMU ikiwa inatafsiri yenyewe bila msaada wa chuma inajibu TCGTCGTCGTCG, herufi za mtambo wake wa kutafsiri.

Upande wa ahadi, hata hivyo, ndiko watu wanakoumia hadi leo. Prosesa ya kawaida ambayo QEMU inaiigiza ilipangwa kwa unyenyekevu ili iweze kuhamia kwenye chuma chochote. Mwaka 2021 hifadhidata ya MongoDB toleo la 5.0 ilianza kudai amri za AVX. Watu wenye seva mpya kabisa waliona MongoDB inakufa ndani ya mashine pepe, kwa sababu mashine pepe ilikuwa haijatangaza AVX ingawa chuma kilikuwa nayo. Mwaka uliofuata ikaja Red Hat Enterprise Linux 9 iliyodai kiwango kiitwacho x86-64-v2, na hadithi ikajirudia. Hao walipewa kidogo kuliko kilichokuwepo. QEMU yenyewe haikuweza kutafsiri AVX hadi toleo la 7.2, Desemba 2022. Rosetta 2 ilikaa kimya kuhusu AVX hadi mwaka 2024. Kwa miaka hiyo ukimya wao ulikuwa sahihi, kwa sababu kukiri uwezo usio nao ni kumwelekeza mgeni barabara iliyokatika daraja.

Asubuhi ya pili nilifungua mipangilio ya emuleta kwenye simu ya mama. Chipu ya simu haina AVX, hiyo ni kazi ya Intel na AMD, lakini emuleta ile ilikuwa imejifunza kuiigiza na ikaitangaza. Sehemu ya kuchora chati kwenye programu ya stoo ikaiamini, ikachukua njia hiyo, na mahali fulani katikati tafsiri ikashindwa. Nilizima ule mstari mmoja. Sikubadilisha jina, kasi wala kitu kingine. Programu ilipouliza safari hii iliambiwa AVX hakuna, ikashika njia ya zamani ya SSE2, na dirisha la kijani likabaki wazi.

Mama alikuja saa nne, viatu vina matope ya barabarani. Nilimwonyesha orodha: magunia, tarehe, majina ya madereva. Akaitazama kwa muda, kisha akaniuliza nilichofanya. Nikamweleza kwamba programu inaiuliza simu kama ni kompyuta ya namna gani, na kwamba nimeiambia simu ijibu kwa kiasi.

"Kwa hiyo inadanganya?"

"Hapana, mama. Jana ndiyo ilijisifu. Leo imetaja kile inachokiweza tu."

Hakusema kitu. Alitoa kwenye mkoba daftari la karatasi, kona zake zimekunjamana, akavuta kiti karibu na meza, akaanza kulinganisha mstari kwa mstari.